"Asante, oda yako imepokelewa": imepokelewa na nani?

Leo tuongelee fomu ya oda, hasa kwa nyie mlioanza kuwa na ukurasa wenu wa kuuzia nje ya WhatsApp na Instagram.

Nianze na lililonikuta. Nauza korosho na ufuta hapa Kilwa Masoko, wateja wangu wengi wako Dar. Kijana aliyenitengenezea ukurasa aliniwekea fomu nzuri tu: jina, simu, kilo ngapi, halafu kitufe cha "Agiza". Mteja akibonyeza, maelezo yanaenda kwenye huduma moja ya fomu za bure mtandaoni, na mimi nayasoma kwenye jedwali kupitia simu yangu. Sasa kuelekea Idi nikachoka kumuuliza kila mtu mzigo auchukulie wapi. Nikaingia kule kwenye ile huduma, nikaongeza swali la nne, nikaliwekea alama kwamba ni la lazima. Ukurasa wangu sikuugusa. Nikaendelea kubangua korosho zangu.

Siku tatu kimya. Nikajisemea hali ngumu, watu hawana hela. Siku ya nne dada mmoja wa Mbagala akanipigia: "Dada, mzigo wangu vipi? Ukurasa wako si umeniandikia asante, oda imepokelewa?" Nilikosa la kujibu. Kwenye jedwali jina lake halikuwepo.

Iko hivi. Ukurasa anaouona mteja unakaa kwenye seva moja, oda inapelekwa kwenye seva nyingine kabisa, ya watu wengine. Kubonyeza kitufe ni sawa na kumkabidhi kondakta mzigo pale Nangurukuru. Umeutuma, ndiyo, lakini mtu wa Dar bado hajaushika. Ukurasa wangu ulituma majibu matatu, seva ya kule ikawa inataka manne, ikarudisha oda nzima kila mara. Na kwa nini mteja aliambiwa asante? Kwa sababu kivinjari cha simu, kwa ajili ya usalama, hakiuachii ukurasa usome jibu la seva ya tovuti nyingine mpaka seva hiyo yenyewe iruhusu. Fundi wangu alipoona hawezi kulisoma jibu, akaweka "asante" itokee mara tu kitufe kikibonyezwa. Yaani ukurasa ulikuwa unashukuru kwa kubahatisha.

Kuna jambo jingine wengi hatulijui. Kila kisanduku cha fomu kina jina lake la ndani ambalo mteja halioni, na seva inatambua majibu kwa jina hilo. Kisanduku kisichopewa jina la ndani hakitumwi kabisa, hata mteja akijaza vizuri namna gani. Na kwenye huduma hizi za bure, ukifuta swali ukaliandika upya kwa maneno yaleyale, mara nyingi jina la ndani linabadilika, na ukurasa wako unaendelea kutuma kwa jina la zamani. Kwa hiyo usiguse maswali kule bila kumwambia fundi wako.

Tiba ni nini? Kama oda zako hazizidi kumi kwa siku, mimi nasema usijitese. Weka kitufe kinachofungua WhatsApp, oda ikiwa imeshaandikwa, mteja anatuma mwenyewe. Akiona tiki mbili anajua imefika kwenye simu yako. Au mpe linki ya fomu ya ile huduma yenyewe, maana hapo neno la asante linatoka kwa aliyepokea. Ukitaka fomu ibaki kwenye ukurasa wako, mwambie fundi hivi: fomu itume kwanza kwenye seva yetu, seva yetu ndiyo ipeleke kule nje na isubiri jibu, jibu likiwa zuri ndipo mteja aone asante pamoja na namba ya oda. Likiwa baya aambiwe wazi kuwa haijafika, na apewe namba ya kupiga.

Hiyo namba ya oda ina kazi kubwa kwetu huku. Mnakumbuka Mei 2024? Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya kwenda Dar ikakatika upande wa Somanga. Hatujakaa sawa, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika, intaneti ikawa shida nchi nzima. Mtandao ukiwa mzito hivyo mteja anabonyeza mara moja, anaona kimya, anabonyeza tena na tena. Unaamka na oda tatu za mtu mmoja, unafunga kilo kumi na tano badala ya tano. Fomu ipewe namba yake pale inapofunguliwa, kabla haijatumwa. Ikifika mara tatu na namba ileile, seva ihesabu moja.

Bei nayo isichukuliwe kwenye fomu. Mtu anayejua kidogo tu anaweza kubadilisha tarakimu kwenye kivinjari chake kabla ya kutuma, kwa hiyo piga hesabu kwa orodha yako mwenyewe. Na usiombe usichokihitaji: jina, simu, pa kupokelea, basi. Namba ya siri ya pesa za simu usiombe kamwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inagusa hata taarifa zinazopelekwa kwenye seva za nje ya nchi.

Siku hizi kila Jumatatu asubuhi, na kila nikibadilisha kitu, najiagizia nusu kilo kwa simu ya mwanangu, jina naandika "Jaribio", kisha nafungua jedwali kuangalia kama imeingia. Yule dada wa Mbagala nilimfungia mzigo wake siku ileile. Wengine walioagiza zile siku tatu sijawajua mpaka leo, maana hata namba zao za simu hazikufika popote.