Kivuli Kama Mwalimu: Kujifunza Kutumia Flashi Nje ya Kamera

Utangulizi

Mpiga picha anayeanza huamini kwamba adui yake ni giza. Aingiapo ukumbini jioni, huchomeka flashi juu ya kamera, huielekeza usoni mwa mtu na kubonyeza. Nami nilianza vivyo hivyo. Katika hafla ya kumuaga mhadhiri wetu mmoja aliyestaafu, chama kilinikabidhi kamera, nami nikapiga picha zaidi ya mia moja. Karibu zote zilikuwa na ila moja: paji la uso liling'aa kama lililopakwa mafuta, mashavu yalikuwa bapa, na kivuli cheusi kilijichora ukutani nyuma ya kichwa. Mhadhiri huyo aliaga dunia kabla ya mwaka kwisha. Jamaa zake walipotuomba picha nzuri ya kutundika sebuleni, hatukuwa nayo. Makala haya yanadhamiria kulieleza kosa hilo na namna ya kuliepuka.

Mwelekeo wa mwanga

Uso hutambulika kwa miinuko na mabonde yake. Mwanga unapotoka pale pale ilipo lenzi, huyafikia yote kwa pamoja, na vivuli huangukia nyuma ya mtu. Ndiposa uso huonekana bapa. Dawa yake ni kuiondoa flashi juu ya kamera. Ishikwe na mwenzako au iwekwe kwenye stendi, upande mmoja wa anayepigwa picha, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, juu kidogo ya kichwa chake. Huunganishwa na kamera kwa waya, au kwa vifaa viwili vidogo vya mawimbi ya redio: kimoja juu ya kamera, cha pili kwenye flashi. Hapo pua hutupa kivuli shavuni na macho hupata kina.

Ukubwa wa mwanga

Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayotufaa hapa: kivuli na uvuli. Jua la adhuhuri hutupa kivuli chenye kingo kali. Siku ya mawingu huwa na uvuli mwororo, kwa kuwa mawingu huutawanya mwanga ukatoka pande nyingi. Flashi ni chanzo kidogo, hivyo hutoa kivuli kikali. Ukiipitisha kwenye mwavuli mweupe ulio karibu na mtu, au ukiielekeza kwenye ukuta mweupe ulio ubavuni mwake, unapata uvuli. Jambo hili lina uzito zaidi kwa ngozi nyeusi, ambayo umbo lake hudhihirika sana kupitia mng'ao. Chanzo kidogo huacha madoa meupe ya mng'ao. Chanzo kikubwa huutandaza kwa upole.

Umbali

Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga hupungua hadi robo. Aliye mita 2 kutoka kwenye flashi hupata robo ya mwanga wa aliye mita 1. Kwa hiyo katika picha ya kundi, wa karibu huungua na wa mbali humezwa na giza. Irudishe flashi nyuma: aliye mita 5 hupata karibu thuluthi mbili ya mwanga wa aliye mita 4, na tofauti hiyo inavumilika.

Mianga miwili

Ukumbini mna mwanga wa taa na mwanga wa flashi. Flashi huwaka kwa muda mfupi mno, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde. Hivyo basi, kurefusha muda ambao kamera hupokea mwanga huongeza mwanga wa taa tu. Tundu la lenzi, kwa upande wake, hutawala mianga yote miwili. Hata hivyo, kamera nyingi zina kikomo cha 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukienda kasi zaidi katika matumizi ya kawaida, sehemu ya picha hubaki nyeusi.

Zoezi

Asiye na flashi na aanze na tochi. Weka kikombe cheupe na parachichi lililoiva mezani, katika chumba chenye giza. Simama pahali pamoja, naye mwenzako aipeleke tochi mbele, ubavuni, kisha nyuma. Chunguza kila kivuli kilipoangukia. Kisha funika tochi kwa kitambaa cheupe na urudie. Linganisha jinsi kikombe na parachichi vinavyoupokea mwanga ule ule.

Hitimisho

Tumeona kwamba swali la kwanza la mpiga picha si kiasi gani cha mwanga alicho nacho, bali kivuli kitaangukia wapi. Msomaji atakayekabidhiwa kamera katika hafla ijayo na ajiulize swali hilo kabla ya kubonyeza. Wengine wa tunaowapiga picha hatutapata fursa ya kuwapiga tena.