SIKU YA KUPIGA BARAGUMU

Asomaye Walawi 23,23-25 hukuta jambo la kumshangaza. Waisraeli waamriwa kustarehe siku ya kwanza ya mwezi wa saba na kuifanya ukumbusho kwa kupiga baragumu, wala hapatajwi mwaka mpya. Lakini Wayahudi huuanza mwaka wao siku hiyo, nao huiita Rosh Hashana, maana yake kichwa cha mwaka. Je, mwaka waanzaje katika mwezi wa saba? Miezi yahesabiwa kwa kufuata kutoka Misri (Kutoka 12,2), bali miaka yahesabiwa tangu kuumbwa ulimwengu, kwa hesabu ya waalimu wao. Basi jioni ya 22 Septemba 2025 waliingia mwaka wa 5786.

Nyumbani hula tofaa lililochovywa katika asali na mkate wa mviringo, wakitakiana kuandikiwa mwaka mwema. Wengi huenda mtoni au pwani kuomba dhambi zao zitupwe vilindini, kama ilivyo katika Mika 7,19.

Lakini twapenda kukaa zaidi penye baragumu lenyewe. Ni pembe ya kondoo dume, kwa kumkumbuka yule aliyetolewa badala ya Isaka. Pembe ya ng'ombe haitumiki, isije ikakumbusha ndama ya dhahabu. Sauti yake nayo iwe ya namna gani? Tafsiri ya Torati kwa Kiarami yaiita kilio. Ndipo waalimu wa kale wakatafuta katika Maandiko ni nani aliyelia hivyo, wakamwona mama yake Sisera, akichungulia dirishani na kumngoja mwana asiyerudi (Waamuzi 5,28). Naye alikuwa mama wa adui yao! Kisha hawakupatana: je, alipiga kite, au alilia kwa kwikwi? Rabi Abahu wa Kaisaria, yapata mwaka 300 baada ya Kristo, aliagiza zipigwe zote mbili, na ndivyo ifanywavyo hata leo: sauti moja ndefu, tatu za kuugua, tisa fupi za kwikwi, kisha ndefu tena.

Toka siku hiyo hata Siku ya Upatanisho ni siku kumi za kutubu. Mishna yafundisha ya kuwa Siku ya Upatanisho haiyafuti makosa mtu aliyomkosea mwenzake, mpaka amemridhisha kwanza. Kwa hiyo katika siku hizo wengi huwaendea wale waliowakosea, wakawaomba radhi uso kwa uso.