Kupooza Uso

Pengine mtu wa Musoma au Bunda hulala mzima, akaamka asubuhi uso umekwenda upande: mdomo umevutwa, jicho halifumbi, na maji ayanywayo yamtoka pembeni. Jirani husema amerogwa, au amepigwa na upepo wa ziwani. Sivyo.

Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu uuongozao. Mshipa huo hutoka ubongoni, ukapita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo hubanwa, kwa kuwa mfupa hautanuki. Basi nyama za uso hukosa amri. Charles Bell, daktari wa Uskoti, aliueleza mshipa huo mwaka 1821, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Sikio lenye usaha nalo laweza kuudhuru.

Mwambie mgonjwa akunje paji la uso. Likikunjika pande zote mbili, na huku mdomo umepinda, au mkono umelegea, huenda ni kiharusi. Apelekwe hospitali saa ile ile. Lisipokunjika upande mmoja, yaelekea mshipa wenyewe ndio mgonjwa. Huyu naye asikawie, maana dawa ya prednisoloni hufaa zaidi ikianzwa kabla ya siku 3 kupita.

Lakini la kuangaliwa kuliko yote ni jicho. Lisipofumba hukauka, vumbi likalikwaruza, hata likaweza kupofuka. Mchana litiwe dawa ya matone. Usiku lipakwe marhamu, na kope zifungwe kwa plasta. Wengi hupona katika majuma au miezi michache. Kuchanjwa chale shavuni hakuharakishi lolote.