ELIMU YA BIASHARA: Fuata Korosho Kutoka Shambani Hadi Kwenye Pakiti

Mkulima wa Tezo anapouza korosho zikiwa na ganda, kazi inayofuata huenda kwingine pamoja na faida yake. Mwaka wa 2009 serikali ya kitaifa ilipiga marufuku usafirishaji wa korosho ghafi nje ya nchi, ili zibanguliwe humu nchini. Vikundi vya akina mama na vijana vinaweza kuifanya kazi hii, mradi vielewe mchakato wake.

Mchakato wa biashara ni mfululizo wa hatua zinazogeuza malighafi kuwa bidhaa ambayo mteja yuko tayari kuilipia. Una mambo matano ya msingi.

1. Mteja. Anza naye. Mnunuzi wa korosho hutaka kiini kizima, cheupe na kikavu. Kilichovunjika hushuka bei.

2. Malighafi. Okota korosho zilizoanguka zenyewe, zitenge na mabibo, kisha zianike juani siku mbili au tatu. Iliyokauka vyema hulia ukiitikisa.

3. Hatua. Kupika kwa mvuke, kubangua, kukausha kiini, kumenya ngozi, kupanga kwa madaraja na kupakia. Usiruke hata moja. Kiini kisichokaushwa hakimenyeki vizuri, na kikilazimishwa huvunjika.

4. Mhusika. Kila hatua iwe na mtu anayeijibia. Mbanguaji avae glavu au ajipake mafuta ya kupikia, kwa sababu mafuta ya ganda huchoma ngozi.

5. Kipimo. Pima uzani mwanzo na mwisho. Kilo 100 za korosho ghafi hutoa takriban kilo 20 hadi 25 za kiini. Mkipata 15, msilaumiane. Chunguzeni hatua moja moja. Korosho nyingi zikiwa tupu, kasoro iko kwenye ununuzi. Zikiwa na ukungu, angalieni uanikaji na ghala. Viini vikivunjika, angalieni ubanguaji.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua bei. Tuseme kikundi kimenunua kilo 100 kwa shilingi 50 kila kilo, yaani shilingi 5,000. Kikipata kilo 25 za kiini, kila kilo imegharimu shilingi 200. Kikipata 20, imegharimu 250. Hapo hamjaongeza kuni, vibarua, pakiti na nauli. Kikundi kinachopiga hesabu kwa kilo za ghafi kinaweza kuuza kwa hasara huku kikidhani kimepata.

Kabla ya msimu, chukueni daftari, mchore safu tano za mambo haya na mjaze kila siku ya kazi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkianza kuuza madukani mtahitaji leseni ya biashara ya kaunti na alama ya ubora ya KEBS. Kwa maelezo kuhusu leseni, anzieni katika ofisi ya msimamizi wa wadi yenu.