Namna Wakazi Wanavyoweza Kulisaidia Shirika la Hisani la Afya ya Meno

Wengi hudhani kuwa shirika la hisani linaloshughulikia afya ya kinywa na meno huhitaji fedha peke yake. Fedha zinahitajika, lakini mkazi wa kata anao msaada mwingine ambao hauwezi kutumwa kwa njia ya benki.

Mfano mzuri ni Bridge2Aid, shirika la Uingereza lililoanzia kazi zake mkoani Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa kuwa madaktari wa meno ni wachache na wengi wao wako mijini, shirika hilo halikutosheka na kuleta madaktari wa kung'oa meno kisha wakaondoka. Liliwafundisha matabibu waliokuwa tayari kazini katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Walijifunza kupima kinywa, kuchoma sindano ya ganzi, kung'oa jino bovu kwa usalama, kutakasa vifaa na kumtambua mgonjwa anayestahili rufaa. Madaktari wa kujitolea walisimama kando ya tabibu mpaka mkono wake ukazoea.

Wageni wakishaondoka, kazi ya wakazi huanza. Koleo la kung'olea jino hudumu miaka mingi likitunzwa, bali ganzi, glavu na pamba huisha. Katika zahanati isiyo na umeme, vifaa huweza kutakaswa kwa sufuria ya presha juu ya jiko, mvuke ukifikia nyuzijoto 121 kwa dakika 15 au zaidi. Gesi au mkaa ukikosekana, hakuna jino litakalong'olewa siku hiyo. Mahitaji haya ni madogo mno kumwandikia mfadhili wa ng'ambo, lakini ndiyo yanayosimamisha huduma. Kamati ya usimamizi ya zahanati, ambamo wananchi wana wawakilishi, ndiyo yenye kuyaingiza katika mpango wa kituo. Mkazi anayesimama katika mkutano wa kijiji akauliza kama ganzi ipo, amelisaidia shirika kuliko anavyofikiri.

Msaada mwingine ni habari sahihi. Katika sehemu nyingi za nchi, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, fizi zake zikaonekana kuvimba, husemwa kuwa ana "meno ya nailoni". Hupelekwa kwa mtu anayezikwangua fizi kwa kisu au spoki ya baiskeli. Kinachotolewa si ugonjwa, ni chipukizi la jino la utotoni. Mtoto huweza kutokwa damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa, na ugonjwa uliomletea homa unabaki bila tiba. Hakuna mgeni awezaye kuikomesha desturi hiyo kama bibi wa mtoto, mkunga wa jadi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa maana wao ndio wanaosikilizwa nyumbani.

Kwa wenye kutoa fedha au vitu, busara ni kuuliza kwanza. Ganzi iliyopita muda wake ni mzigo kwa kituo, na miswaki bila dawa ya meno yenye floraidi ni nusu ya zawadi. Anayelitilia shaka shirika lolote linalochangisha amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, aombe kuonyeshwa cheti cha usajili cha shirika hilo, na adai stakabadhi kwa kila shilingi anayotoa.