Mipaka ya Wadi Mjini

Kabla raia wa mjini hajapiga kura yake, mtu amekwisha kupitisha kalamu juu ya ramani na kuamua atapiga pamoja na nani.

Tutazame Nairobi. Mwaka 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliugawa mji ule katika wadi 85, kila moja na mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti. Kipimo kilitokana na watu wote wa Kenya, waliohesabiwa 38,610,097 mwaka 2009, wakigawanywa kwa wadi 1,450: yaani watu wapatao 26,628. Lakini Katiba ya 2010 yaruhusu wadi za majiji kuzidi au kupungua kwa asilimia 40. Basi wadi moja yaweza kuwa na watu 16,000, na nyingine 37,000, kila moja na mwakilishi mmoja tu! Je, sauti zao zalingana?

Tofauti hiyo yapaswa kuwa na sababu: hali ya nchi, njia za mawasiliano, ujirani wa watu. Nayo Tume imeamriwa kuwasikiliza wananchi. Hapo twakosea sana; ama hatuendi mkutanoni, ama twaenda kumtetea mheshimiwa fulani. Mama ajuaye kwamba bonde lile halina daraja, na kwamba watoto wa ng'ambo husoma shule ya upande huu, ana neno zito kuliko mwenye makelele. Aliseme, tena aliandike. Asiporidhika, anazo siku 30 tangu uamuzi kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kupeleka shauri Mahakama Kuu, nayo imepewa miezi mitatu kuliamua.