Mtoto Azaliwaye na Ila ya Moyo, na Yaliyo Juu ya Baba Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, amuumbaye mwanadamu tumboni mwa mamaye hali baada ya hali. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baadu. Katika kila watoto mia wazaliwao duniani, kadiri ya mmoja huzaliwa moyo wake una ila. Hapana mji wa mwambao, tangu Lamu hata Kilwa, usiokuwa na watoto wa namna hii. Ila watu hawawajui kwa jina la maradhi yao, bali humwita huyu mtoto wa jicho, na yule mtoto wa dege, na yule mtoto asiyeshika mwili. Somo hili limeelekezwa kwa wanaume, kwa kuwa fedha ya safari na ruhusa ya kutoka na neno la mwisho nyumbani mara nyingi huwa mikononi mwao. Na watoto wa maradhi haya wengi hufa katika kungojewa neno hilo.

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na katikati pana ukuta. Upande wa kulia wapokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni ikapate hewa. Upande wa kushoto waipokea ikitoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Matabibu wa kale, wakimfuata Galen wa Wayunani, walidhani ya kuwa ukuta ule una vitundu visivyoonekana, na kwamba damu hupenya humo. Aliyewasahihisha ni Ibn al-Nafis, mtu wa Sham aliyefanya kazi ya utabibu Misri, naye alikuwa fakihi wa madhehebu ya Imam Shafi. Mwaka 1242 aliandika ya kuwa ukuta ule hauna tundu, la dhahiri wala la siri, na kwamba damu haina njia ila kuzunguka kwa mapafuni. Maneno yake yakasahauliwa hata mwaka 1924, tabibu mmoja wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoyakuta katika hati iliyohifadhiwa Berlin. Alilolisema ni kweli kwa moyo uliotimia. Walakini wako watoto ambao ukuta wao haukuzibika tumboni, na hiyo ndiyo ila iliyo nyingi kuliko zote: tundu baina ya vyumba viwili vya chini.

Tena kuna jambo jingine la kufahamika. Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Hewa yamjia katika damu kwa njia ya kondo. Kwa hiyo moyo wake una dirisha baina ya vyumba vya juu, na mshipa mfupi uunganishao mshipa mkuu wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili, ili damu iyapite mapafu bila ya kuingia. Azaliwapo na kulia kilio cha kwanza, dirisha lasukumwa likafungika, na mshipa ule wajikaza katika siku chache. Mshipa usipojikaza, hiyo nayo ni ila. Na wako wengine ambao maisha yao yote yaning'inia katika mshipa huo, kwa kuwa njia nyingine zao zimeziba au zimegeuzwa. Hao huonekana wazima siku ya kwanza na ya pili, kisha mshipa ukijifunga hugeuka rangi ghafula, wakawa baridi na wasiweze kunyonya. Wa namna hii hangojei asubuhi. Hospitali kubwa zina dawa ya kuuweka mshipa wazi mpaka apasuliwe.

Sasa yafaa kueleza sababu ya watu kukosea. Mtoto mwenye tundu kubwa baina ya vyumba vya chini hazaliwi mgonjwa. Majuma ya kwanza mishipa ya mapafu yake ingali imekazana kama ilivyokuwa tumboni, na ukazo huo huizuia damu isipite kwa wingi penye tundu. Kidogo kidogo mishipa yalegea, kama ilivyo kawaida ya kila mtoto, na damu yamiminika mapafuni kupita kiasi. Basi baina ya juma la nne na la nane mtoto aanza kuhema, kutoka jasho na kuacha kunenepa. Na wakati huo ndio mama atokapo arobaini, watu wakaja kumtazama mtoto na kumsifu. Mtoto alikuwa mzima, wageni wamekuja, mtoto ameugua. Nani asiyesema ni jicho? Hapana Muislamu akanushaye ya kuwa jicho ni kweli, na kumsomea mtoto ni jambo jema. Lakini asomewe njiani akipelekwa kwa daktari, wala kisomo kisifanywe sababu ya kukaa nyumbani mwezi wa pili na wa tatu.

Na wako wanaomzuia mama kumtoa mtoto kabla ya arobaini. Nifasi yamzuia mwanamke na sala na saumu. Haimzuii kwenda kumtibu mwanawe. Hii ni ada ya watu, na ada haina nguvu mbele ya roho ya mtoto.

Alama za kutazamwa ni hizi. Mtoto huanza kunyonya kwa pupa, kisha huacha baada ya mafunda machache apumzike, paji la uso likitoka jasho ijapokuwa hakuna joto. Pumzi zake ni za haraka: azihesabu baba mwenyewe, mtoto akiwa ametulia au amelala, kwa dakika nzima, zikifika sitini au zaidi, hiyo si hali ya kawaida. Mbavu zaingia ndani avutapo pumzi. Uzani hauongezeki. Kikohozi na homa ya mapafu humrudia mara kwa mara. Ama rangi ya buluu, kwa watoto weusi haionekani vyema mashavuni. Atazamwe ulimi, na ufizi, na upande wa ndani wa midomo, penye mwanga wa mchana. Kadhalika hospitalini kuna kipimo kidogo chenye taa kifungwacho mkono wa kulia na mguuni, wala hakiumizi. Mtoto aliyetimiza siku moja akionyesha chini ya 95 katika mia, yapasa achunguzwe, na baba ana haki ya kukiomba kipimo hicho kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Kisha ipo mashine ipigayo picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hiyo ndiyo ithibitishayo.

Yako mambo yafanywayo majumbani kwa kutaka kheri, nayo yamdhuru mtoto huyu. La kwanza ni kukata kimio. Mtoto akikohoa na asinenepe, huambiwa kimio chake kirefu, akapelekwa kwa mkataji. Akatoka na jeraha na damu nyingi, na tundu la moyo li pale pale. La pili ni fukizo. Udi na ubani ni vitu vizuri, lakini moshi katika chumba kilichofungwa wambana asiyekuwa na pumzi za kutosha. Na tumbaku ya baba ni mbaya zaidi. La tatu ni asali. Kumpaka mtoto tende iliyolainishwa kaakaani ni sunna ijulikanayo. Lakini asali, matabibu wameikataza kwa kila mtoto asiyetimiza mwaka, kwa sumu ya vijidudu viwezavyo kuwamo, na mtoto ahemaye asitiwe kitu kinywani pasipo kumwuliza daktari.

Chakula chake ni maziwa ya mamaye, na katika hili mama apata taabu isiyoonekana na wanaume. Kunyonya kwa mtoto huyu ni kama kupanda kilima kwa mtu mzima. Basi anyonyeshwe kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, kichwa kikiwa juu, wala asishikiliwe kifuani zaidi ya nusu saa. Asipomaliza, mama akamue na kumpa yaliyobaki kwa kikombe kidogo au kijiko. Wengine hospitalini hulishwa kwa mpira mwembamba upitao puani. Mama alalaye saa mbili na kukamua saa nzima hawezi pia kupika, kufua na kupokea wageni. Kumpunguzia kazi hizo ni sehemu ya dawa.

Dawa za moyo hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na tofauti ya kiasi kidogo ni kubwa kwa mwili wa ratili saba au nane. Akitapika baada ya kunywa, asirudishiwe kwa kukisia. Chanjo zote apewe kwa wakati wake, kwani surua na kifaduro humwua huyu upesi kuliko mwenziwe. Mwenye rangi ya buluu asiachwe akauke maji kwa kuhara, maana damu yake ni nzito na yaweza kuganda. Na akishikwa ghafula na kulia kusikokoma, akazidi buluu na kuhema, magoti yake yakunjwe yabanwe kifuani, atulizwe, akimbizwe hospitali.

Katika mambo ya dini, baba asijitie mashakani. Akika ni sunna kwa mwenye uwezo, na siku ya saba ndiyo bora. Lakini wakati wake haupiti mpaka mtoto abaleghe. Mwenye kuweka kando fedha za mbuzi wawili ili alipe nauli ya hospitali hakuipoteza sunna, ameiahirisha. Ama kutahiri, wanavyuoni wa Kishafi wamesema ya kuwa mtoto dhaifu hungojewa mpaka awe aweza kustahimili. Baadhi ya watoto hawa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, nao wakikatwa damu haikomi upesi. Basi asiguswe na ngariba mpaka daktari wa moyo amesema.

Kisha kuna ulimi wa watu. Mke huambiwa ameleta mkosi, na wako waliopewa talaka kwa neno hili. Matabibu wajua sababu chache: surua ya siku tatu ikimpata mama katika miezi ya kwanza ya mimba, sukari isiyozuiliwa, pombe, na baadhi ya dawa, tena watoto wenye maumbile ya Daun, kadiri ya nusu yao huwa na ila ya moyo. Kuoana binti ami na binti mjomba ni halali, nako huzidisha kidogo khatari hii. Hapo baba na mama wana sehemu sawa. Lakini kwa wengi wao hakuna sababu ijulikanayo, wala hapana jambo alilolifanya mama. Akipata mimba nyingine, amweleze mkunga na daktari, kwani moyo wa mtoto waweza kutazamwa angali tumboni.

Matundu madogo mengi huziba yenyewe katika miaka ya kwanza, na mtoto hutakiwa kupimwa tu. Makubwa hayangojei. Damu ikipiga mapafuni kwa nguvu miaka mingi, mishipa ya mapafu hugeuka migumu, na ikifika hapo tundu haliwezi tena kuzibwa. Baba asemaye "akue kwanza, apate nguvu, ndipo apasuliwe" huenda akamleta mtoto siku ambayo daktari hana la kufanya. Zamani safari ilikuwa ya India, nayo haikuwa ya kila mtu. Muhimbili, Dar es Salaam, upasuaji wa moyo ulianza mwaka 2008, na tangu 2015 ipo hapo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nairobi watoto hupasuliwa katika hospitali ya Mater. Baadhi ya ila hazihitaji kisu cha kifuani. Huzibwa kwa mrija mwembamba upitishwao katika mshipa wa paja. Na baba asiyekuwa na kitu, mafakiri na maskini ni wa kwanza katika wenye haki ya zaka. Wazee wa msikiti wasimwache aombe mlangoni siku ya Ijumaa.

Aliyepasuliwa kifua asiinuliwe kwa kuvutwa mikono wala kwa makwapa mpaka mfupa umeshika, kadiri ya majuma sita; ainuliwe kwa kutiwa mkono chini ya kichwa na mwingine chini ya makalio. Ameotapo meno yasafishwe kila siku, na akikua azoezwe mswaki, kwani vijidudu vya meno mabovu huweza kuingia katika damu na kuushambulia moyo wenye ila. Naye akipelekwa kung'olewa jino, daktari wa meno aambiwe khabari ya moyo kabla kinywa hakijafunguliwa.